Damu ya Mzee

Kazi yangu ni kuandika kodi. Si ile ya mwenye nyumba. Ile huiandikia visingizio. Hii ni ya kompyuta, na VS Code, programu ninayoiandikia, huyapaka maneno rangi kwa kazi zake: ya amri buluu, yaliyo ndani ya alama za kunukuu rangi ya chungu, na maoni, yaani yale maelezo ambayo kompyuta huyaruka tukayasoma sisi wanadamu, kijani cha mchicha uliolala sokoni.

Ijumaa moja usiku, kazi ya mteja ikisubiriwa Jumatatu, nikaona kwa kijani kile siwezi kuandika hata mstari mmoja. Nikataka maoni yawe damu ya mzee, kama doti ya kanga ya bibi yangu.

Kompyuta haimjui mzee wala damu yake. Inataka alama ya reli na tarakimu sita: mbili za nyekundu, mbili za kijani, mbili za buluu, na zikifika 9 haziendi 10, zinaingia A mpaka F. Rangi 16,777,216, na hakuna hata moja inayoitwa maji ya kunde. Nikaandika #800000. Kwenye kioo cheusi ikazama. Nikaongeza nyekundu, mzee akawa kijana. Nikatia buluu, ikawa juisi ya rozela. Saa nane usiku nikasahau mkato kwenye faili la mipangilio. Programu ikanichorea mstari wa mawimbi chini ya kosa, mwekundu mzuri kuliko wote niliojaribu.

Adhana ya alfajiri ikanikuta nabandika tarakimu bila kuangalia: #1E1E1E. Maoni yote yakatoweka, faili likawa safi kama uwanja uliofagiliwa. Nikapenda. Kumbe hiyo ndiyo rangi ya kioo chenyewe.

Wikiendi nzima nikaandika maoni nisiyoyaona. Nakiri, mtu asiyeona anachoandika hujisahau. Maelezo ya kazi yalikuwa machache. Mengi yalimhusu mteja, aliyekwisha kubadilisha rangi ya kitufe cha malipo mara tano.

Jumatatu, dada mmoja wa ofisini akafungua faili kwenye kompyuta yake, akalionyesha kwenye projekta mbele ya mteja huyohuyo. Rangi hubaki kwenye mashine ya mtu; maoni husafiri na faili. Ukutani yakajitokeza kwa kijani cha mchicha, kila herufi kubwa kama kiganja: KITUFE MARA YA TANO, HUYU BABA HANA KAZI NYINGINE?

“Kaka,” dada akaninong’oneza, “na mstari wa 47 tuueleze?”

Mteja akavaa miwani, akausogelea ukuta. Akatazama kwa muda mrefu.

“Hayo maandishi ya kijani hayasomeki,” akasema. “Hamwezi kubadilisha rangi?”

Nikamwambia, mzee wangu, ninayo moja nzuri sana.