Ni Kweli, Mheshimiwa

Mgeni akipewa madaftari ya kesi za trafiki peke yake ayasome, atadhani wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, hapa Mombasa, ni watu wa toba wasio na mfano pwani nzima. Dereva wa matatu ambaye kijiweni hukana hata kikombe cha kahawa chungu alichokinywa mbele ya mashahidi, akipandishwa kizimbani hana la kubisha. Husomewa kwamba siku fulani, barabara fulani, alibeba abiria kupita kiasi; huulizwa ni kweli au si kweli; naye, kwa sauti ya mtu aliyeokoka jana, hujibu, “Ni kweli, Mheshimiwa.” Nyuma yake makanga wake anakiri. Nyuma ya makanga, kijana wa bodaboda anakiri kabla karani hajamaliza kusoma. Hata padri hajawahi kupata waumini wepesi namna hii.

Toba hii mimi naiona ni hesabu, tena ile hesabu anayoisubiri tajiri mwenye gari kila jioni. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 ziliweka bei wazi: kutofunga mkanda shilingi 500, kushika simu ukiendesha 2,000, kupigia debe abiria 3,000. Sasa weka upande wa pili gharama ya kusema si kweli. Wa Kisauni ana nafuu kidogo, maana kuna mahakama Shanzu, upande wake wa daraja la Nyali. Wa Changamwe apite Makupa na msongamano wake ndipo aifikie mahakama ya kisiwani. Wa Likoni avuke feri, ambayo kwa mwenye miguu ni bure, ila siku nzima ya kazi inayozama katikati ya kivuko hairudishwi na mtu. Atapewa tarehe ya kutajwa, kisha tarehe ya kusikizwa. Siku hiyo askari shahidi yuko zamu kwingine, kesi iahirishwe. Tarehe nyingine, faili haionekani. Kufikia hapo mtu amepoteza mapato ya siku nne ili kutetea shilingi 500, na tajiri keshamtafuta dereva mwingine. Anayekana kosa dogo Mombasa lazima awe na vitu viwili, ukaidi na urithi. Na usidhani bei hiyo inaishia mahakamani. Chai ya barabarani pia hupangwa kwa kipimo hicho hicho: kadiri mahakama inavyokuwa mbali na ghali, ndivyo kitu kidogo kinavyokua kikubwa, kwa sababu pande zote mbili pale kando ya lami zinajua kusikizwa kunagharimu nini.

Kwenye karatasi, mtuhumiwa huyu ni sultani. Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamhesabu hana hatia hadi ithibitishwe, kinamtaka aelezwe shtaka kwa kina, apewe muda wa kujitayarisha, na apate mkalimani bila malipo kama haelewi lugha inayotumika. Kifungu cha 49 kinakataza asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi 6. Na kuhusu hilo neno lake la kukiri, sheria ina masharti tangu mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipoamua kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri: shtaka na vipengele vyake vyote vielezwe kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe, mwendesha mashtaka atoe maelezo ya tukio, kisha mshtakiwa aulizwe kama anayakubali hayo maelezo, akiyapinga, iandikwe kwamba amekana. Ni utaratibu mzuri, na una sababu. Ukishakiri, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inakufungia mlango wa rufaa, isipokuwa kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu. Yaani yale maneno mawili yaliyotamkwa huku mtu akiiwazia feri ya saa tano ndiyo neno lake la mwisho kuhusu jambo lenyewe. Mpangilio wa Adan unahitaji dakika kadhaa kwa kila mtu. Foleni ya asubuhi inampa kila mtu muda wa kupiga chafya.

Wataniambia, shilingi 500 ni jambo la kusumbulia Katiba? Jibu lake lilitoka Ulaya. Mwaka 1978 huko Ujerumani, Mturuki mmoja aitwaye Öztürk aligonga gari lililokuwa limeegeshwa, akatozwa faini ya maki 60. Alipinga, akaletewa mkalimani mahakamani, kisha akaondoa pingamizi lake. Ikaja bili ya mkalimani: maki 63 na pfenigi 90. Kusikizwa kumekuwa ghali kuliko kosa! Serikali ilijitetea kwamba hili si kosa la jinai hata kidogo, ni uvunjaji mdogo wa taratibu tu. Tarehe 21 Februari 1984 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, ikaukataa utetezi huo: udogo wa kosa hauondoi haki ya mtu kusikizwa kwa haki, na mkalimani alipaswa kuwa bure. Dereva wetu wa Likoni ni Öztürk asiyepelekewa bili. Yeye bili yake hulipa kimyakimya kwa siku zake za kazi.

Pingamizi lenye uzito ni lile la damu. Barabara zetu zinaua, matatu zinapakia watu kama dagaa, na huku sisi twataka kuwabembeleza madereva. Nalikubali nusu. Mwenye kosa aadhibiwe, tena sawasawa. Lakini kesi ambazo kila mtu anakiri haziwezi kumtofautisha aliyepakia abiria kupita kiasi na aliyekamatwa ili idadi ya siku itimie. Wote wawili wanalipa, wote wawili wanaiingiza faini kwenye matumizi pamoja na mafuta, na yule hatari anarudi barabarani bila kuona aibu, kwa kuwa anajua hata jirani yake asiye na kosa amelipa vilevile. Wengine watasema kila mtu akikana, mahakama zitafurika. Zitafurika mwezi wa kwanza. Baada ya hapo askari ataanza kukamata anachoweza kukithibitisha, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu atamuuliza.

Dawa ya mkato nayo ina sumu yake. Uingereza ilianzisha mwaka 2015 utaratibu wa hakimu mmoja kuamua makosa madogo kwa makaratasi tu, faraghani, bila mshtakiwa kuwepo. Agosti 2024 hakimu mkuu Paul Goldspring akatamka kuwa kesi za abiria wa treni zilizopitishwa humo kimakosa ni batili, na zilizokadiriwa kuguswa ni kama 74,000. Kwa hiyo sitaki mtu ahukumiwe na bahasha. Nataka asikizwe akiwa Likoni. Tangu korona ya 2020 mahakama zetu zinasikiliza kesi kwa mtandao, na mawakili wenye kesi za mamilioni hutokea kwenye skrini wakiwa na koti juu na kikoi chini. Kama koti hilo linatosha kutetea kiwanja cha Nyali, linatosha pia kutetea mkanda wa matatu. Kiwekwe chumba kimoja Likoni na kimoja Changamwe, jioni, baada ya pilikapilika za abiria, na askari shahidi atokee kwenye skrini hiyo hiyo kutoka kituo chake. Asipotokea mara ya pili bila sababu, kesi ifutwe. Wakidanganya kwenye skrini? Basi watakuwa wanafanya kwenye skrini yale wanayoyafanya sasa kizimbani kila asubuhi. Na wanaouliza bando litanunuliwa na nani, wamuulize Öztürk.