Pilipili Haina Faragha

Methali yetu humkemea mdaku kwa kumwuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Kwa wadaku inafaa sana, ila aliyeitunga huenda hakuwahi kukaa sebuleni wakati jikoni kuna mtu anakaanga pilipili kichaa. Pilipili usiyoila inakuwasha barabara. Moshi wake haupigi hodi: baba anakohoa, watoto wanapiga chafya kwa zamu, na mgeni aliyekuja kudai deni lake anakumbuka ghafla kwamba ana safari. Mama aliyeikata pilipili hiyo akanawa mikono juujuu atamfuta mtoto kamasi, na mtoto atalia kilio kisichoelezeka kwa majirani. Hoja yangu ni kwamba pilipili si jambo la mtu mmoja. Kwa kuwa mikasa yake humfikia kila aliye karibu, mahali pake panapostahili ni hadharani, penye familia nzima, chakula na muziki. Wanaoandaa tamasha la pilipili hawajarukwa na akili. Wamekubali tu ukweli ambao sisi tunaendelea kuufungia jikoni.

Mfano ulio wazi ni Hatch, kijiji kilicho kando ya mto Rio Grande katika jimbo la New Mexico, Marekani. Wakazi wake hawafiki 2,000, lakini kijiji kinajiita mji mkuu wa pilipili duniani, na majirani wa jimbo la Colorado, wanaolima pilipili zao kule Pueblo, wakisikia hivyo huwashwa bila kula. Kila mwaka, wikendi ya Siku ya Wafanyakazi, ambayo Marekani huiadhimisha Jumatatu ya kwanza ya Septemba, maelfu ya wageni humiminika pale. Kuna gwaride, kuna malkia wa pilipili anayevishwa taji, kuna muziki, na kuna mashindano ya kula. Mapipa ya wavu wa chuma huzungushwa juu ya miali ya gesi mpaka maganda ya pilipili yababuke, na harufu yake hutanda bila kubagua aliyelipa na asiyelipa. Jimbo zima limekolea. Mwaka 1965 lilitangaza pilipili na maharage kuwa mboga zake rasmi, na hata lina swali rasmi, lile ambalo mhudumu wa mgahawa humwuliza mteja: nyekundu au ya kijani? Anayeshindwa kuamua hujibu “Krismasi” akaletewa zote mbili. Swali lenyewe linahusu tunda lile lile, moja likiwa bichi na jingine limeiva, ushahidi kwamba binadamu akitaka kugawanyika hakosi sababu.

Mwenye akili timamu atauliza: kwa nini watu wazima wafunge safari kwenda kulizwa na tunda? Jibu liko mwilini. Mwaka 1997 mwanasayansi David Julius na wenzake huko California walitambua kipokezi cha neva ambacho hushtuka kinapoguswa na joto la zaidi ya nyuzi 43 za Selsiasi, na hushtuka vivyo hivyo kinapoguswa na kapsaisini, kemikali inayoifanya pilipili iwashe. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Maana yake ni kwamba ulimi wa mla pilipili hauungui. Neva hizo ni mlinzi wa usiku anayepiga yowe la moto kwa sababu mtu amewasha taa. Mwili wote unaamini: jasho linatoka, pua inachuruzika, macho yanalengalenga, na bwana mwenye heshima zake anaanza kupumua kwa mdomo. Baada ya robo saa hivi hakuna jeraha wala jivu. Mkasa wenye vishindo vya msiba usio na maiti ni kichekesho, na kichekesho kinahitaji watazamaji. Ukiwashwa peke yako ni mateso. Ukiwashwa mbele ya shemeji zako ni burudani, yao kwanza na baadaye yako.

Hapo ndipo muziki unapopata kazi yake, na wala si pambo. Mwasho wa pilipili hauharakishwi. Unakwisha unapotaka kwisha. Muda huo wote aliyeumia anahitaji kitu cha kufanya na miguu yake, na mbele ya bendi kurukaruka kwake kutaitwa dansi. Nyumbani angeitwa mjinga. Tamasha pia ni darasa la kuponya ujinga mwingine ambao majumbani hurithiwa kama mali. Watu husema ukali uko kwenye mbegu, ilhali umejaa kwenye utando mweupe unaozishika mbegu hizo. Watu hukimbilia maji, ilhali kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo glasi ile huusambaza moto hadi pembe za kinywa zilizokuwa bado na amani. Dawa ni maziwa au mtindi, kwa kuwa protini yake huinasa kemikali hiyo na kuiondoa. Na wapo wanaoamini kwamba kunawa mikono baada ya kutoka msalani kunatosha. Aliyetoka kukata pilipili hunawa kwa sabuni kabla ya kuingia, na asiyejua hilo atafundishwa mara moja tu. Mbele ya umati, masomo haya huingia upesi, maana kila mwanafunzi ana mashahidi.

Pingamizi la kwanza ni la watoto: pilipili na familia vinakutana wapi? Vinakutana mezani. Mwanasaikolojia Paul Rozin alichunguza kijiji kimoja cha Mexico akakuta kwamba watoto hawazaliwi wakipenda pilipili wala hawalazimishwi kuila. Huwaona wakubwa wakiila kila siku, huonja kidogo kidogo, na siku moja wanaidai wenyewe. Mbwa na nguruwe wa kijiji hicho, waliokula makombo yale yale yenye pilipili, hawakupata kuipenda. Kwa hiyo kupenda pilipili ni elimu ya jamii, na mbwa amekataa kusoma. Hatch yenyewe isingekuwapo katika ramani ya walaji bila mtu aliyefikiria wenye ndimi laini: Fabián García, mzaliwa wa Mexico aliyefanya kazi katika chuo cha kilimo cha New Mexico, alitumia miaka mingi kuzalisha aina iitwayo New Mexico No. 9, iliyotolewa mwaka 1921, akikusudia pilipili yenye ukali wa wastani ambayo watu wengi zaidi wangeweza kuila. Msingi wa sherehe hizi, basi, uliwekwa na mtu aliyepunguza moto.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: pilipili inaweza kudhuru. Ni kweli. Mwaka 2018 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilieleza kisa cha mwanamume wa Marekani aliyekula Carolina Reaper katika mashindano akaishia hospitali kwa maumivu makali ya kichwa, mishipa ya damu ya ubongo ikiwa imebana. Alipona, lakini somo lilibaki. Tukiangalia vizuri tutaona kwamba kilichomfikisha pale ni mashindano ya ukali, wala si karamu. Tangu mwaka 1912, mfamasia Wilbur Scoville alipobuni kipimo cha ukali kwa kuizimua pilipili katika maji ya sukari mpaka waonjaji wasisikie mwasho, binadamu amepata namba, na akishapata namba lazima ashindane. Reaper ilipimwa kuwa na wastani wa zaidi ya 1,600,000, na mwaka 2023 Pepper X ikatangazwa bingwa kwa 2,693,000. Pilipili nyingi za Hatch huhesabiwa kwa maelfu tu. Tamasha la familia linapaswa kuwazuia mabingwa wa namna hiyo, au walau kuwatengea kona yao karibu na gari la wagonjwa. Hatari ya pilipili hukua sambamba na majivuno ya anayeila, na anayesema “mimi hainiwashi” huku macho yamemwiva hafai kupewa kijiko.

Litabaki pingamizi la wenyeji wa pwani yetu: sisi pilipili tumeizoea, ya nini kuipigia ngoma? Kuizoea si sababu ya kuinyima heshima. Mmea huu ulitoka mabara ya Amerika. Kabla ya safari za Columbus mwaka 1492 hapakuwa na kachumbari ya pilipili Mombasa wala Unguja, na ni baada ya hapo ndipo vyombo vya Wareno vilipoueneza mpaka pwani za Afrika na Asia. Leo urojo bila pilipili ni uji wenye manung'uniko, na mishkaki bila pilipili huliwa na wagonjwa. Mgeni aliyeingia nyumba zote, akakaa karne hizi zote na kuwaliza wenyeji wake kila siku bila kufukuzwa, amestahili siku yake. Jukwaa hatukosi: Zanzibar ina tamasha la muziki la Sauti za Busara kila Februari, na miji mingi ya pwani ina uwanja, ngoma na mama lishe wanaojua kazi yao. Basi waandaaji, wekeni meza ndefu kando ya muziki: pilipili kichaa, pilipili mbuzi, achari ya ndimu na ya embe. Wekeni beseni la maji na sabuni mahali panapoonekana. Na mtindi uwe wa kutosha watu wote, kwa sababu tamasha la pilipili lisilo na mtindi si tamasha, ni uonevu.