Kitambi Changu na Michango Yenu

Hiki kitambi mnachokiona sikukijenga peke yangu. Kina wafadhili. Kila mwaka kadi za michango zinaingia mfululizo: harusi ya mtoto wa bosi, sendofu ya binti wa jirani, kipaimara cha mtoto ambaye hata jina lake silijui. Unatoa laki moja, jina linaandikwa, na siku ikifika unakwenda kuila laki yako kwa njia ya pilau, robo kuku na soda mbili. Mtu mwenye akili timamu haachi hela yake mezani. Nimezila laki zangu zote, na sasa zimekaa hapa mbele, juu ya mkanda, kila mpita njia anaziona.

Basi nimetangaza kwamba nakiondoa. Nimetangaza pia kwamba nitakiondoa kwa baiskeli, na kwamba mwezi Juni, karibu na tarehe 19 ambayo ni Siku ya Selimundu Duniani, nitaungana na wenzangu kuendesha kutoka Mwenge hadi Bagamoyo, kilomita 60 hivi, kuchangia matibabu ya watoto wenye ugonjwa huo. Tangu siku hiyo sina amani. Ungedhani nimechukua fomu ya ubunge.

Aliyeanza ni kijana wa mizani pale kituoni Mwenge. Unampa shilingi 500, unapanda, mashine inapima uzito na urefu. Ubaya wake ni kwamba inaongea. Inatangaza kilo zako kwa kipaza sauti, na abiria waliokaa dirishani wanageuza shingo. Kilo 104. Sentimita 170. Kijana akachukua simu yake, akagawanya kilo kwa urefu, akagawanya tena kwa urefu, akapata 36.

"Mzee, samahani," akasema kwa adabu, "uzito wa kawaida unaishia 25. Kwa kilo hizi ulitakiwa uwe na mita mbili na sentimita nne."

Nikamuuliza ananishauri nini.

"Upungue, mzee. Au urefuke."

Konda mmoja aliyekuwa ananing'inia mlangoni akadakia kwamba kwa umri wangu afadhali nijaribu kurefuka.

Ofisini nako kila mtu amekuwa mtaalamu wa lishe, na wenye vitambi ndio maprofesa. Mmoja anasema ninywe maji ya moto na limau kabla ya kupiga mswaki. Mwingine ananiletea kitunguu swaumu kwenye bahasha, kama barua ya siri. Wa tatu kasema neno moja tu: acha wanga. Huyu namuomba ajitokeze hadharani anionyeshe sahani ya Mtanzania isiyo na wanga. Ugali ni wanga. Wali ni wanga. Ndizi, mihogo, viazi, magimbi, chapati, makande, wanga mtupu. Ukiacha wanga kwa mama ntilie unabaki na mchicha vijiko viwili, kichwa cha samaki kinachokukodolea macho, na mama ntilie mwenyewe anayekuuliza kwa sauti ya chini kama kazini wamekupunguza.

Nyumbani si nafuu. Nilipoomba ugali upungue, mama watoto aliweka mwiko chini. "Unataka wifi zangu waje hapa waseme sikulishi?" Tangu hapo tonge langu halikupungua, liliongezeka, ili wifi wakija ghafla wakute ushahidi. Shangazi naye kapiga simu kutoka Korogwe. Hakusalimia. "Mwanangu, nasikia umekwisha. Ni sukari, au ni mambo mengine?" Nimepungua kilo mbili tu. Kilo mbili! Huku kwetu ukinenepa unapewa hongera, ukikonda unaundiwa kamati.

Baiskeli nimeinunua Kariakoo, mtumba wa Japani, ina gia na kikapu cha mbele. Kiti chake kilitengenezwa na mtu asiyenitakia mema. Nikaipeleka kwa fundi chini ya mkungu aikague. Akaizunguka baiskeli, halafu akanizunguka na mimi. Akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba.

"Mzee, hii inakwenda kubeba nini?"

"Inanibeba mimi."

Akakaa kimya, akafungua boksi lake la vifaa. "Basi tuweke spoku nene, zile za watu wa mkaa. Karia tuitoe tu. Wewe mwenyewe unatosha."

Mazoezi ni alfajiri, Barabara ya Bagamoyo, kabla malori ya mchanga hayajaanza kazi. Unapita Tegeta, unapita Boko, unapita Bunju, unafika daraja la Mpiji, unageuza. Kwenda, upepo wa kusi unakusukuma mgongoni mpaka unajiona bingwa. Kurudi, kusi hilohilo linakudai kila mita liliyokukopesha, pamoja na riba.

Na malipo yenyewe ni ya kinyonyaji. Mtu wa uzito wangu akiendesha saa nzima kwa mwendo wa wastani anachoma kalori 600 hivi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori 7,700 hivi. Piga hesabu mwenyewe: ni saa kama 13 za kukanyaga pedeli kwa kilo moja, na hapo hujala kitu. Sahani moja ya chipsi mayai inarudisha saa nzima ya jasho kabla hujamaliza kumimina tomato. Wanaosema mazoezi yanapunguza unene wangesema wazi kwamba kazi kubwa iko jikoni, na jikoni kwangu mnajua nani anashika mwiko.

Siku moja narudi, nimefika Boko, kusi linanipiga usoni, nikasikia cheni inalia nyuma yangu. Alikuwa kijana wa mkaa. Magunia mawili nyuma, kandambili miguuni, baiskeli isiyo na gia hata moja, breki yake ni kisigino. Mimi nina helmeti, glavu, na kaptula ya kubana ambayo watoto wa mtaani kwetu wanaiita taiti ya mama. Aliponifikia akapunguza mwendo.

"Shikamoo, mzee."

Marahaba inahitaji pumzi. Nilikuwa nayo moja tu, na nilikuwa nimeshaipangia kazi nyingine. Kijana hakupita. Amelelewa vizuri, hapiti mkubwa ambaye hajamwitikia. Akaendelea kukanyaga ubavuni kwangu, ananitazama kwa wasiwasi, mpaka nikatoa sauti iliyokaribiana na marahaba. Ndipo akaniaga, akaondoka na magunia yake, na baada ya kona sikumwona tena.

Bagamoyo yenyewe ni mahali pabaya pa kupelekea malalamiko. Karne ya 19 wapagazi walikuwa wakitembea kwa miguu kati ya pale na Ujiji, kilomita 1,200 hivi, miezi kadhaa, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 na ushei begani. Kwa hesabu ya yule kijana wa mizani, na mimi nimebeba kilo 32 za ziada. Tofauti ni kwamba mpagazi alikuwa akifika, anatua.

Lakini yote hayo nayavumilia. Kinachonishinda ni huruma. Mtu wa rika langu akionekana juu ya baiskeli, mtaa hauulizi anakwenda wapi. Unauliza gari liko wapi. Mangi wa dukani kanifungulia ukurasa kwenye daftari la mkopo bila kuombwa. Vijana wa bodaboda kijiweni wananiita, "Mzee, panda, leo usilipe." Na jirani yangu, ambaye kwa ajili ya ukuta wa mpakani tumekuwa tukisalimiana kwa kukohoa, alinivuta pembeni jioni moja akanisokomezea noti ya elfu kumi mfukoni. "Hivi vitu vinapita, kaka. Usimwambie mtu." Sikumwambia mtu. Niliandika kwenye daftari la michango: jirani, 10,000.

Kwa kweli daftari lilianza na watu wa aina hiyo, wenye kuamini nimefilisika. Nilipowafikia ndugu na marafiki wanaojua kwamba sijafilisika, wale wale wa kamati za harusi, mikono ikakunjwa. "Kutakuwa na kadi?" "Kutakuwa na chakula?" "Yaani tukulipe wewe uendeshe baiskeli?" Hawa ni watu waliotoa laki mbili bila kupepesa jicho ili ukumbi upambwe maua ya plastiki kwa usiku mmoja, na MC atukane wakwe kwa utani. Hakuna aliyeuliza maua yataponya nini.

Basi ngoja niwaambie hizi za baiskeli zinaponya nini. Inakadiriwa kwamba kila mwaka Tanzania wanazaliwa watoto 11,000 hivi wenye selimundu. Chembe zao nyekundu za damu hujikunja umbo la mundu, zinaziba mishipa midogo, na mtoto analia kwa maumivu ya mifupa usiku kucha. Damu humpungukia, wengine huhitaji kuongezewa. Ipo dawa ya kumeza inayopunguza mashambulizi hayo, haidroksiyurea, lakini inamezwa kila siku, na anayeishiwa hela ya dawa huishiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Dozi yake hupimwa kwa kilo za mtoto. Wengi wao kilo haziongezeki kirahisi. Sisi wakubwa tunazo za kugawa, ila hazigawiki, kwa hiyo toeni hela.

Anayenihurumia, huruma yake naipokea kwa fedha taslimu. Apeleke kwa mwekahazina wetu, si kwangu, na adai risiti. Wa kamati za harusi, nawaandikia kiwango kile kile cha ukumbi, na chakula hakipo. Shangazi, siumwi. Kijana wa mkaa, ukinikuta tena tafadhali nipite kwanza ndipo uniamkie. Na wewe dereva wa lori la mchanga, ukitukuta Juni kati ya Bunju na Mapinga, tuachie mita moja na nusu unapotupita. Kwa wenzangu anza kupima kwenye usukani. Kwangu anza ubavuni.