Daktari wa Darini

Panya Dari alizaliwa chuoni, akalelewa chuoni, na wazazi wake wote wawili walifia chuoni: baba kwa mtego, mama kwa sumu iliyochanganywa na dagaa. Ukoo wao ulikuwa umekaa kwenye dari ya bweni vizazi 40 bila kukosa muhula. Chuo chenyewe sikitaji jina, maana kina mwanasheria. Itoshe kwamba kiko pwani, na kwamba chumba kilichopangiwa wanafunzi wanne hulala saba, kwa utaratibu ule wa kubebana ambao msimamizi wa bweni anaujua na kila mwaka anaushangaa upya.

Darini walimwita Msomi, na hawakukosea. Alikuwa amekula Sheria ya Mikataba mpaka ukurasa wa 212. Akala takwimu, akala historia, akala nusu ya tasnifu ya mtu kuhusu tenzi. "Wenzangu elimu wanaiweka kichwani," alikuwa akisema huku anachokoa meno, "wakilala usingizi inatoka. Mimi yangu iko tumboni."

Chini ya tundu lake aliishi mwanafunzi aliyeitwa Mheshimiwa. Aligombea uongozi wa serikali ya wanafunzi mara mbili, akashindwa mara mbili, akabaki na suti. Maisha ya chuo Dari aliyajua kupitia kwa huyo. Bumu, yaani pesa ya mkopo, likiingia, wiki mbili ni chipsi kuku na mifupa yenye nyama bado. Bumu likikata, ni mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi, na panya na mwanafunzi wanatazamana kwa huruma. Kazi ya kikundi ilikuwa na watu 12: mmoja anaandika, 11 wanaandika majina. Siku mhadhiri alipowakaripia kwamba panya wengi hawachimbi shimo, Dari alicheka hadi vumbi likamwagikia ubao. "Sisi hata kama hatuchimbi," alisema, "angalau tunafika shimoni."

Mitihani ikikaribia, Mheshimiwa alipiga msuli usiku mmoja. Vibomu, yaani vikaratasi vya majibu, alivishonea ndani ya mkono wa koti. Ukumbini Dari aliona shingo za twiga, macho ya bundi na masikio ya sungura, akaamini kwamba binadamu ni jamaa wa porini aliyesahau kurudi.

Mwaka wa tatu Mheshimiwa alipewa kazi ya utafiti, akachagua kichwa kirefu: mbinu za kutokomeza panya waharibifu mabwenini. Aliiagiza akili mnemba imwandikie sura zote tano. Hakuwahi kumtazama panya hata mmoja, ingawa mmoja alikuwa juu ya kichwa chake akiifuatilia sura ya pili kwa makini.

Basi siku moja kipande cha gazeti kilichofungia vitumbua kikaangukia darini. Dari alikuwa ameanza kukila pembeni alipoona picha ya panya aliyevaa nishani shingoni. Akaacha kutafuna. Akasoma kwamba mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa nishani ya dhahabu panya buku aitwaye Magawa, mzaliwa wa Tanzania, kwa kazi ya kunusa mabomu ya ardhini huko Kambodia, na kwamba panya hao hufundishwa Morogoro kwa kulishwa ndizi.

"Kunusa bomu!" Dari akasema. "Mimi bumu nalinusa likiwa bado benki."

Usiku huohuo akajipenyeza kwenye tenga la samaki wakavu, akapanda basi, akashuka Msamvu, Morogoro, akiwa na harufu ambayo ndugu zake wangemwonea wivu. Kulipopambazuka alikuwa chini ya milima ya Uluguru, kwenye viwanja vya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mahali panya buku wanaposomea. Jua lilipopanda akakutana mlangoni na binamu yake. Buku alikuwa na kilo moja na ushee, urefu wake kutoka pua hadi ncha ya mkia kama mkono wa mtu mzima. Nusu ya mwisho ya mkia ilikuwa nyeupe, na mashavu yake yalikuwa na vifuko vya kubebea akiba.

"Shikamoo, kaka Dari," Buku akasema. "Mbona saa hizi uko macho? Sisi tunaenda kulala."

"Marahaba. Kulala saa tatu asubuhi? Kumbe nanyi mna bweni!"

"Tumeingia uwanjani alfajiri. Jua likiwaka linatuunguza, hata masikio na mkia tunapakwa mafuta ya kuzuia jua. Macho yangu hayaoni mbali, kaka. Pua ndiyo kalamu yangu."

Dari akaandikishwa. Walimu wa pale walikuwa watu wa subira, na hekaya hii inadai kwamba hawakumuuliza cheti cha kuzaliwa.

Somo la kwanza lilikuwa kidude kidogo mkononi mwa mwalimu. Kikilia "klik", panya anapewa ndizi. Wenzake walikuwa wameanza nalo wakiwa na wiki chache tu tangu kuzaliwa, punde baada ya kufumbua macho. Halafu likaja somo la harufu: hapa TNT, kilipuzi cha mabomu, pale udongo mtupu, kule kitu kingine chochote. Ukikwaruza penye TNT, klik, ndizi. Ukikwaruza penginepo, kimya. Kesho hivyohivyo, na keshokutwa, na mwezi ujao, kiasi cha miezi tisa na zaidi.

"Miezi tisa kwa somo moja?" Dari aliuliza. "Mheshimiwa humaliza masomo sita kwa usiku mmoja."

Akaamua kuwafundisha Morogoro maarifa ya pwani. Kwanza akapiga chabo: Buku akikwaruza, naye anakwaruza. Hilo lilifaa mpaka walipoanza kupelekwa mmojammoja. Pili akakwaruza kila mahali, kwa hesabu kwamba anayejibu yote hawezi kukosa moja. Akapata klik mbili, lakini mwalimu alikuwa na daftari, na makosa nayo yaliandikwa. Tatu akaficha ndizi, akamletea Buku gizani. "Shika, binamu. Siku ya mtihani unikonyeze."

Buku akaila ndizi, maana panya ni panya. Kisha akasema, "Nitakukonyezaje, kaka? Hata anayenishika kamba hajui mabomu yalikofukiwa."

Dari akadhani ni mzaha. Siku ya mtihani akaona kwa macho yake. Uwanja ulipimwa kwa kamba, na ndani yake yalifukiwa mabomu yaliyokwisha kuondolewa makali, tena yamekaa ardhini hata nyasi zimeota juu. Wakufunzi wawili walisimama huku na huku, kamba ikiwa katikati yao, na panya akapita amefungwa mkanda wa kifuani. Ramani ya majibu ilikuwa kwa watu wengine kabisa. Hapakuwa na wa kuhonga wala wa kuchungulia. Palikuwa na ardhi, na pua.

Buku akaenda taratibu, akarudi, akasimama, akakwaruza mara mbili. Akaendelea. Msumari akaupita, kopo la soda akaliruka. Alipomaliza, hakusaza hata moja.

Dari akaingia kwa mwendo wa mwenye suti. Akakwaruza kopo. Akakwaruza kizibo. Akakwaruza kisigino cha kiatu cha zamani, akakwaruza mahali pasipo kitu kwa sababu mkufunzi alikohoa akadhani ni ishara. Mabomu mawili aliyapita juu, mkia ukiburuzika.

"Lile la kwanza nilikaribia!" akalalamika jioni. "Kwetu kuna alama za kukaribia."

"Kaka," Buku akasema, "bomu ukilikaribia nalo limekukaribia."

Wakakaa kimya. Kisha Buku akasema maneno ambayo Dari hakuyala, kwa hiyo hayakumkaa.

"Mimi ni mwepesi, bomu halinioni. Lakini nyuma yangu atakuja mtu na miguu yake miwili. Nyuma ya mtu huyo atakuja mama na jembe, na nyuma ya mama, mtoto na ndoo. Watu wenye mashine ya kutafuta chuma wangechimba kila msumari. Eneo kama la uwanja wa tenisi linaweza kuwala hata siku nne, mimi ni nusu saa. Lakini wepesi si kitu. Nikisema hapa pasafi, wanakanyaga. Msumbiji wazee wetu walifanya kazi hiyo pamoja na watu na mashine, na mwaka 2015 nchi nzima ikatangazwa kuwa imesafishwa. Hakuna aliyewauliza wazee wetu cheti. Watu walikanyaga."

Dari akasema ni maneno mazuri, akauliza kama kuna ndizi imebaki.

Wakati hayo yanatendeka, huko pwani Mheshimiwa alikuwa akikohoa wiki ya nne. Zahanati ikapima makohozi yake kwa hadubini, haikuona kitu. Sampuli ikasafirishwa Morogoro, ikapashwa moto kuua vijidudu, ikapangwa chini ya vitundu pamoja na nyingine. Dada yake Buku, ambaye yeye alisomea kifua kikuu, akapita juu ya vitundu kama mtu anayesoma mstari. Anaweza kupitia sampuli 100 kwa dakika 20. Kwenye kimoja akasimama sekunde tatu, akakwaruza. Maabara ikarudia kupima, ikakuta kweli. Dada huyo hakujua kwamba makohozi yale ni ya mtu aliyeagiza sura tano za kumtokomeza. Angejua, angesimama sekunde zilezile tatu.

Mheshimiwa akaanzishiwa dawa za miezi sita. "Hadubini haikukuona," muuguzi akamwambia, "panya ndiye aliyekuona." Akashukuru hadi machozi yakamlenga. Kisha akarudi chumbani, akanunua mitego mitatu, maana utafiti ulihitaji takwimu.

"Yule ni panya wa kitaalamu," akamweleza mwenzake aliyemshangaa. "Hawa ni wa kienyeji." Asijue kwamba hata panya buku, akiwa shambani kwa mkulima wa mahindi, huitwa mwizi na kupigwa jembe. Utaalamu wake huanza pale mtu mmoja anapoamua kukaa naye miezi tisa.

Naye Dari alikuwa amerudi darini. Hakusema alifeli, alisema amerudi. Kesho yake akatundika ukutani kipande cha boksi chenye muhuri wa kiwanda cha biskuti, na tangu siku hiyo akaitwa Daktari Dari wa Morogoro. Akafungua chuo. Ada ilikuwa chipsi moja kwa wiki, na masomo yalikuwa wiki mbili, kwa sababu, alisema, dunia ya sasa ina haraka. Hakuna aliyenusa kitu. Walikariri majina ya harufu. Wahitimu 30 wakavishwa majoho ya mfuko mweusi wa plastiki, ule uliopigwa marufuku mwaka 2019, na darini kukawa na vigelegele hata Mheshimiwa akagonga dari kwa ufagio.

Usiku wa saba baada ya mahafali, harufu ya dagaa ikapanda kutoka kwenye njia ya mlangoni. Wahitimu wakamkimbilia Daktari. Akajongea ukingoni, akanyanyua pua juu kama alivyowaona wenzake wakifanya, akafumba macho, akahesabu hadi kumi.

"Pasafi," akatamka. "Piteni."

Wahitimu wakajipanga. Mwisho wa mstari alisimama kipanya kimoja cha kike ambacho hakikuhitimu, maana kilikosa chipsi ya wiki ya pili.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mwanangu."

"Umesema pasafi?"

"Nimesema, na nimesaini."

"Basi tangulia wewe."

Darini pakawa kimya hata feni ya chini ikasikika. Daktari akakohoa. Akasema angependa sana, ila ana kikao. Akasema kazi ya mwalimu ni kuelekeza. Akasema kuna utaratibu. Alipokuwa anatafuta la nne, wahitimu walikuwa wameanza kuvua majoho, mmoja baada ya mwingine, bila kelele.

Kipanya kile kikashuka peke yake kwa kufuata ukuta. Usiku wa kwanza kikanusa, kikarudi. Usiku wa pili kikasogea hatua, kikarudi. Usiku wa tatu, chini ya harufu ya dagaa kikapata nyingine nyembamba, ya mafuta ya mashine kwenye springi. Kikakwaruza sakafu mara mbili, kikazunguka kwa mbali. Kesho yake panya wote wa dari walipita palepale kilipopita, mguu kwa mguu. Hakikupewa joho, wala hakikuliomba.

Mheshimiwa akahitimu. Katika matokeo ya utafiti wake aliandika kwamba mitego mitatu haikunasa kitu, na kwamba sababu haijulikani.

Na Daktari Dari, bumu lilipokata na ada ya chipsi ikakoma, alikula cheti chake, akianzia kwenye muhuri.

Msomaji, labda nawe una chako ukutani. Kila unaposaini daraja, dozi, hukumu au alama za mtoto wa mwenzio, kuna mtu anasubiri nyuma yako akiwa na miguu miwili. Kabla hujamwambia apite, tangulia wewe.