Barua ya Wazi kwa Muhuri wa Serikali

Mheshimiwa Muhuri,
Droo ya Juu,
Nairobi.

Pole kwa kazi. Najua hupumziki: ukitoka kwenye wino unagonga, ukirudi kwenye wino unaitwa tena. Sikulaumu kwa kugonga. Lawama yangu ni kwamba husomi unachokigonga.

Nakurudisha Venice. Maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya mji huo wa Italia yapo tangu 1895, na nchi huingia kwa jina lake. Msanii, hata awe fundi wa mafundi, hawezi kubisha hodi akasema, "Mimi ndiye Kenya." Sharti dola imtaje msimamizi wake rasmi. Yaani sharti wewe, Mheshimiwa, ushuke kwenye karatasi, pwa!

Basi mwaka 2013 ukumbi wa Kenya ukafunguliwa, na walioenda kuiona Kenya wakakuta wasanii walio wengi ni Wachina. Wakenya wazawa walikuwa wawili, Kivuthi Mbuno na Chrispus Wangombe Wachira. Alikuwepo pia Armando Tanzini, Mtaliano wa Malindi. Huyo simgusi, kwa miaka aliyokaa pwani, mbaazi za nazi zimeshamwingia damuni. Lakini Mbuno! Mzee wa Ukambani, mpishi wa zamani wa misafara ya safari, aliyeshika krayoni na wino akachora wanyama na watu waliorefuka kama vivuli vya saa kumi na mbili jioni. Yeye peke yake angeujaza ukumbi. Kwenye orodha ile alikuwa chumvi ya kuonja.

Nilipouliza, nikaambiwa huku ndiko kubadilishana utamaduni. Neno zuri. Kwetu ukimpelekea jirani mahamri, sahani hairudi tupu. Sisi tulipeleka jina la nchi. Mpaka leo sijasikia kwamba ukumbi wa China umejazwa wachongaji wa Wamunyu kule Ukambani.

Jamaa mmoja mjuaji akanijia juu. Mbona Ujerumani, mwaka uo huo wa 2013, ilimweka Ai Weiwei, Mchina, na Santu Mofokeng wa Afrika Kusini, na hakuna aliyepiga kelele? Kweli kabisa, na hapo ndipo penye kiini. Mjerumani aliwaita wageni wake mwenyewe, akawakaribisha mezani. Mgeni uliyemwalika na mpangaji unayemkuta sebuleni kavaa kandambili zako ni watu wawili tofauti. Mimi sina ugomvi na pasipoti ya mtu, nauliza tu ni nani aliyetoa ufunguo.

Na kama unadhani Afrika haikuwa na njia nyingine, tazama Angola. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa na ukumbi Venice. Ikampeleka Edson Chagas, mpiga picha wa Luanda, na picha za vitu vilivyotupwa mitaani. Zilichapwa karatasi nyingi, zikapangwa marundo marundo sakafuni ndani ya jumba lenye michoro ya kale ya Kitaliano, na kila mgeni akaruhusiwa kuondoka na yake mkononi. Angola ikarudi nyumbani na Simba wa Dhahabu, tuzo ya ukumbi bora wa taifa.

Sisi tulijifunza nini? Mwaka 2015 orodha ikarudi vilevile, Wachina tele, na maonyesho yakapewa jina, usicheke, la "Kuunda Utambulisho". Safari hii wasanii wa nyumbani hawakunyamaza. Waliandika waraka wa kupinga, watu wakatia sahihi. Michael Soi, ambaye tayari alikuwa akiyachora kwa kejeli mapenzi ya China na Afrika, akachora mfululizo mzima juu ya aibu hiyo ya Venice. Serikali nayo ikaukana ukumbi wenye jina lake. Wewe hukuulizwa kitu, ulikuwa umelala kwenye wino.

Mwaka 2017 wakaenda Wakenya hasa, akina Peterson Kamwathi na Paul Onditi. Mara hiyo jina lilikuwa letu, pesa ndizo hazikuonekana zilipohitajiwa.

Nami niliwahi kukutafuta, Mheshimiwa, kwa ajili ya picha sita za rafiki yangu zilizoalikwa Kampala. Ofisi yenyewe siitaji. Niliambiwa mwenye ufunguo wa droo ameenda chai. Hiyo ilikuwa Jumanne, na chai ile iliisha Ijumaa. Ndiyo maana nashangaa: njia ya Kampala ina kufuli, ya Venice iko wazi usiku na mchana.

Ombi langu ni dogo. Waandaaji wa ukumbi wakija tena na karatasi, kabla hujashuka waulize ni nani wa hapa aliyewatuma. Wakitazamana, bakia kwenye wino.

Na sahani yetu wairudishe.

Wako,
Mwenye sahani.