Kocha Uliyetimuliwa, Soma Hapa Kabla Hujapiga Simu

Msimu wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani huisha kwa habari za aina mbili. Yapo mashindano ya mwezi Machi, timu zikiwania ubingwa huku nchi nzima imekodoa macho kwenye televisheni. Ipo pia orodha ya makocha waliofungashiwa virago, ambayo huanza kurefuka hata kabla mashindano hayajaanza. Kama jina lako limo kwenye orodha hii ya pili, maelekezo haya ni yako. Yasome kabla hujampigia simu mtu yeyote, hata wakala wako.

Anza kwa kuhesabu mechi ulizoshinda. Ushauri bora kuliko wote umechelewa kukufikia: kocha akitaka kufukuzwa vizuri, na afukuzwe akiwa na ushindi mkononi. Rick Barnes aliongoza Texas misimu 17 na kuifikisha mashindano ya Machi mara 16. Mwishoni mwa Machi 2015 wakubwa wa chuo walimwambia inatosha. Siku chache baadaye alikuwa Knoxville akitambulishwa kuwa kocha wa Tennessee, na miaka kumi baadaye bado yuko hapohapo, timu yake ikifika nane bora 2024 na tena 2025. Tubby Smith aliachwa na Minnesota Machi 2013. Aprili ilipoanza tu, Texas Tech ikamchukua. Alikuwa na ubingwa wa 1998 alioutwaa akiwa Kentucky, na ubingwa hauchuji haraka.

Kama hesabu yako inafanana zaidi na ya Kenny Payne, aliyeondolewa Louisville Machi 2024 baada ya kushinda mechi 12 na kupoteza 52 katika misimu miwili, usikae karibu na simu ukisubiri chuo kikubwa kikuite. Payne alikwenda Arkansas kuwa msaidizi wa John Calipari, aliyewahi kufanya naye kazi Kentucky. Alifanya vizuri. Usaidizi ni kazi ya heshima, na wapo wanaoiweza kuliko ukuu wenyewe.

Sasa fungua mkataba uusome, kila ukurasa, mwanasheria akiwa pembeni. Utajiri wa kazi hii umefichwa kwenye vipengele vya kuvunja mkataba. Payne alifukuzwa bila kosa la kinidhamu, kwa hiyo alikuwa na haki ya dola milioni 8. Chuo kikisema kimekufukuza kwa kosa, hupati kitu, na hapo ndipo vita huanza. Watanzania wanakikumbuka Chuo Kikuu cha Connecticut kwa ajili ya Hasheem Thabeet, aliyecheza pale hadi 2009. Miaka mitano baadaye chuo hichohicho kilitwaa ubingwa chini ya Kevin Ollie, kocha kijana aliyekuwa na misimu miwili tu kwenye kiti. Machi 2018, baada ya misimu miwili mibaya na uchunguzi wa ukiukaji wa kanuni, kikamfukuza kwa kosa na kukataa kumlipa zaidi ya dola milioni 10 zilizobaki. Ollie hakukubali. Shauri lilikwenda kwa msuluhishi, likachukua karibu miaka minne, na Januari 2022 msuluhishi akaamuru alipwe zaidi ya dola milioni 11. Basi usisaini karatasi yoyote ndani ya ofisi ya mkurugenzi wa michezo siku ile unayopewa barua. Siku hiyo kichwa chako hakiko sawa, na cha mkurugenzi kiko sawa kabisa.

Angalia pia kama mkataba unakutaka utafute kazi. Mingi inasema kwamba mshahara wa kazi mpya utakatwa kwenye fidia unayodai. Ukikaa nyumbani miaka mitatu ukila fidia bila kuomba kazi popote, chuo kinaweza kukuuliza ulikuwa unafanya nini. Na hata kama hakitauliza, kocha aliyekaa miaka mitatu bila timu ameanza kusahaulika. Fidia ni mtego kwa mwenye miaka arobaini.

Tuje kwenye dhambi, maana wapo wanaofukuzwa kwa dhambi, si kwa kufungwa. Hapa nakuomba uwe makini. Mwaka 2008 Bruce Pearl, kocha wa Tennessee wakati huo, alikaribisha wanafunzi wa sekondari aliokuwa anawawinda kwa ajili ya timu yake waje kula nyama choma nyumbani kwake. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zilikataza wageni wale kuwa pale. Kosa lenyewe lilikuwa dogo, la kuonywa na kupita. Wachunguzi walipokuja wakaweka mezani picha, Pearl akiwa na mmoja wa wale vijana, imepigwa ndani ya nyumba ya Pearl. Wakamuuliza hapa ni wapi. Akasema hapatambui. Nyumba yake mwenyewe! Machi 2011 akapoteza kazi, na Agosti akapewa adhabu ya miaka mitatu: chuo chochote kitakachomwajiri kingepaswa kujieleza mbele ya chama kwa nini nacho kisiadhibiwe. Hakuna mkurugenzi anayependa kujieleza, kwa hiyo adhabu hii ni sawa na kufungiwa. Pearl akaenda kufanya kazi katika kampuni ya jumla ya vyakula hapo Knoxville, kisha akawa mchambuzi wa televisheni. Auburn ilimwajiri Machi 2014, adhabu ikiwa karibu kwisha, na akaipeleka nne bora mara mbili, 2019 na 2025. Sema kweli kwenye chumba cha wachunguzi, hata ikiuma. Nyama ile haikumgharimu kitu. Uongo ndio uliomla miaka mitatu.

Jambo lingine la kujua kuhusu dhambi ni kwamba kanuni hubadilika. Kelvin Sampson aliandamwa tangu Oklahoma, ambako wasaidizi wake na yeye walipiga simu 577 zisizoruhusiwa kwa vijana waliokuwa wanawawinda, na akaendelea na simu hizo alipofika Indiana. Februari 2008 alijiuzulu na kuondoka na dola 750,000. Baadaye mwaka huo akapewa adhabu ya miaka mitano. Alipokuwa akiitumikia, mwaka 2012, chama kiliondoa mipaka mingi ya simu na ujumbe kwa wanaowindwa na timu za kikapu za wanaume. Alichoadhibiwa nacho Sampson sasa hufanywa na kila kocha kabla ya chai ya asubuhi. Simtetei, kwa sababu kanuni ilikuwepo na aliijua. Lakini jinsi alivyoitumia miaka ile ndiyo inayopaswa kukufundisha: alikwenda NBA kuwa msaidizi, Milwaukee kisha Houston Rockets, akakaa benchi akijifunza ulinzi na mbinu za wachezaji wa kulipwa. Chuo Kikuu cha Houston kilipomwita 2014 hakikuwa na jina kubwa tena. Aprili 2025 alikuwa kwenye fainali ya taifa, akapoteza kwa Florida 65 kwa 63.

Mahali pa kukaa wakati unasubiri pako pengi. Televisheni inalipa na inakuweka machoni mwa watu: Steve Lavin, aliyeachwa na UCLA 2003, alichambua mechi miaka saba kabla St. John's haijamchukua. Hatari yake ni kwamba studio ina kiyoyozi na haina kufungwa, na Seth Greenberg, aliyeondolewa Virginia Tech 2012, ameona ni bora abaki hukohuko.

Ukiniuliza mimi, nenda chuo kidogo. Will Wade alifukuzwa LSU Machi 2022 kwa tuhuma za kuvunja kanuni za kuwinda wachezaji. Mwaka mmoja baadaye akakubali McNeese, chuo cha Lake Charles, Louisiana, ambacho timu yake ilikuwa imetoka kushinda mechi 11 na kupoteza 23. Msimu wake wa kwanza ilishinda 30 na kupoteza 4, na hii ni pamoja na kwamba yeye mwenyewe alianza msimu akitumikia adhabu nje ya benchi. Machi 2025 North Carolina State ikamchukua. Wengi wanaona haya kushuka. Wanaogopa ukumbi wenye viti vichache na safari za basi za usiku kucha. Usiogope basi. Huko ndiko kocha hurudi kufundisha, kwa sababu hakuna msaidizi wa nane wa kumfanyia kila kitu.

Au vuka bahari. Rick Pitino aliondolewa Louisville Oktoba 2017, wakati wa uchunguzi wa FBI kuhusu rushwa katika kuwinda wachezaji, na ubingwa wake wa 2013 ukafutwa kwenye kumbukumbu kwa kashfa nyingine. Akaenda Athens kufundisha Panathinaikos, akatwaa Kombe la Ugiriki 2019, kisha akarudi vyuoni, Iona halafu St. John's. Jopo lililosikiliza shauri la Louisville halikumpa adhabu. Nasi kwetu Afrika Mashariki mlango huu umeshafunguliwa: ligi ya kikapu ya Afrika ilipoanza Kigali Mei 2021, timu ya wenyeji, Patriots, ilikuwa chini ya Alan Major, aliyekuwa kocha mkuu wa chuo cha Charlotte hadi 2015. Njoo, lakini usije kama mtu aliyeshushwa daraja. Wachezaji wa hapa wanatambua haraka sana kocha ambaye mwili uko uwanjani na roho iko uwanja wa ndege.

Kuna jambo moja ambalo maelekezo yangu hayawezi kulitengeneza, nami sitalifunika. Nolan Richardson alitwaa ubingwa wa vyuo vya miaka miwili 1980 na Western Texas, kombe la NIT, mashindano mengine ya vyuo, 1981 na Tulsa, na ubingwa wa taifa 1994 na Arkansas. Hakuna kocha mwingine mwenye vitatu hivyo. Arkansas ilimfukuza Machi 2002, siku chache baada ya kusema hadharani kwamba anatendewa tofauti kwa sababu ni mweusi. Alishtaki chuo kwa ubaguzi na kesi ikamwendea vibaya 2004. Alipofukuzwa alikuwa na umri wa miaka 60. Alifundisha timu za taifa za Panama na Mexico, akafundisha timu ya kulipwa ya wanawake ya Tulsa. Lakini benchi la chuo cha daraja la kwanza hakulikalia tena, katika nchi yenye timu zaidi ya 350 za daraja hilo. Pitino alikuwa na miaka 67 Iona ilipomchukua na 70 alipofika St. John's. Linganisha mwenyewe. Mwaka 2014 Richardson aliingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa kikapu, na mwaka 2019 Arkansas ikauita uwanja wa ndani wa ukumbi wake kwa jina lake. Walimpa sakafu. Kazi hawakumpa. Kocha mweusi anayesoma maelekezo haya ajue kwamba njia niliyoieleza ina lango lingine mbele yake, na mkurugenzi anayesoma ajue kwamba ufunguo anao yeye.

Rudi kwenye simu yako. Wa kwanza kupigiwa wawe wachezaji. Ukifukuzwa wewe, nao wanaanza kutafuta vyuo vingine, wengine wakiwa na miaka 18 na wazazi walio mbali. Waambie ukweli kuhusu nani anawataka na wapi watacheza, bila kuwapigia debe la chuo ambacho hujakipata. Kisha nenda kwenye mkutano wa makocha unaofanyika kila mwaka katika mji wa fainali. Kazi nyingi huanzia kwenye mazungumzo ya pale hotelini chini. Usivae fulana yenye nembo ya waliokufukuza, na usiwaseme.

Ukipata timu, mkataba usainiwe mapema. Billy Gillispie alifanya kazi Kentucky misimu miwili akiwa na hati ya maelewano tu, bila mkataba kamili, na alipofukuzwa Machi 2009 ilibidi pande zote mbili ziende mahakamani kugombania karatasi hiyo. Halafu watafute wasaidizi wako wa zamani. Barua iliyokuondoa wewe iliwaondoa na wao, wakiwa na mikataba mifupi isiyo na milioni hata moja ndani yake, na watoto wao wamebadilisha shule kila ulipohama. Viti vya benchi lako jipya wapewe hao kwanza, kabla ya mtoto wa tajiri anayeichangia timu.