Misingi ya Elimughafi: Mhadhara wa Kwanza

Mwanafunzi, kaa wima. Falaki itakueleza nyota na tiba itakueleza ini, lakini ni elimughafi peke yake itakayokueleza kwa nini kontena limelala bandarini.

Fasili. Ughafi ni ile hali ya mali kuondoka nchini kabla mwenye nchi hajaifaidi. Wapo wanaodai kuwa ughafi umo ndani ya kitu chenyewe. Hao tunawaita waghafi-vitu, na darasani kwangu hawaingii. Ughafi hukaa kwenye jedwali la ushuru, na huko ndiko hupimwa.

Aina ya 1: Ughafi-mchanga. Tazama makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi. Mwamba umechimbwa, umesagwa, umechujwa, umebaki unga wenye dhahabu, shaba na fedha unaosubiri kuyeyushwa ng'ambo. Mwenye mgodi aliona kazi iliyokwisha kufanyika. Mtaani watu waliona mchanga. Machi 2017 serikali ya Tanzania ikazuia usafirishaji, makontena 277 yakakwama Dar es Salaam, na kamati ya uchunguzi ya Profesa Mruma ikachukua sampuli. (Hatimaye profesa kapewa kazi ya hadhi yake.) Mwaka huohuo mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6, na juu yake ikaja ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Asilimia hiyo moja ina mhadhara wake, usiniharakishe.

Aina ya 2: Ughafi-zege. Hapa, mwanafunzi, vua kofia. Indonesia ilitaka madini yayeyushwe nyumbani, ikaweka kanuni mwaka 2017: anayesafirisha makinikia atozwe ushuru kulingana na hatua aliyofikia kujenga kiyeyushio. Ujenzi usipovuka asilimia 30, ushuru ulikuwa asilimia 7.5. Ukifika kati ya 30 na 50, ulikuwa 5. Kati ya 50 na 75, ulikuwa 2.5. Ukivuka 75, hapakuwa na ushuru.

Unaona ukuu wake? Shaba imetulia Papua, hakuna aliyeigusa, chembe zake ni zilezile za jana. Fundi akimwaga zege la kiyeyushio Java, kisiwa kingine kabisa, shaba ile inaiva. Tukio hili nimeliita uivishaji-mbali, nami nimelipambanua katika vijiaina vitatu: uivishaji-msingi, uivishaji-nguzo na uivishaji-paa. Mwanafunzi mmoja mkaidi aliuliza kama ukuta ukibomoka shaba inarudi kuwa mbichi. Nilimpa sifuri, kisha nikaandika sura nzima juu ya swali lake.

Aina ya 3: Ughafi-duara. Tangu 2010 Gabon hairuhusu magogo kutoka nje ya nchi. Gogo la mti wa okoume likiwa duara, ni ghafi, halipiti. Likichanwa mbao au likimenywa karatasi nyembamba za plaiwudi, linapita. Ughafi wa mti, basi, ni jambo la jiometria, na msumeno ni chombo cha hisabati.

Aina ya 4 inahusu vumbi la mbao, nayo haifai kwa mwaka wa kwanza. Sasa simama taratibu: stuli uliyokalia haijapigwa vanishi, na sijaamua bado niiandike bidhaa au gogo.